Fonti mpya kwa Solaris ya zamani: kwa nini programu moja inaiona na ingine haioni

Kuna mama alikuja dukani kwetu hapa Nakuru town na wasifu wa mamake marehemu, ule wa kusomwa siku ya mazishi, kurasa tatu za mkono, Kikuyu safi kabisa. Jina la marehemu lilikuwa Mũthoni. Tukataipu, tukapiga printi, nikampea karatasi ya kwanza akague, na pale juu kabisa kwa kichwa ilikuwa imetoka M, alafu kisanduku kitupu, alafu thoni. Mama akaweka kidole juu ya kile kisanduku, akanyamaza kidogo, akaniambia, "Kijana, hili si jina lake."

Nilimwambia pole mama, nikachapa tena nikiacha pengo kila mahali palikuwa na herufi yenye kiwimbi, nikajaza na biro nyeusi kabla ya kupeleka kwa fotokopi, na ikasomeka. Lakini sikutaka kufanya hivyo mara ya pili. Jioni hiyo nikaanza kutafuta fonti, nikaipata, nikaiweka, na ndipo nikaingia kwa shida yenyewe, juu fonti iko ndani ya mashine, naiona kwa folda, programu moja inaitumia vizuri na ingine inakaa ni kama haijawahi kuisikia. Ilinichukua siku mbili kuelewa ni nini inaendelea, na nimeona watu wengi wenye mashine za Unix za zamani wakikwama hapo hapo, kwa hivyo wacha niieleze polepole.

Mashine yenyewe ni Sun Blade 150 inaendesha Solaris 10, mfumo wa Unix wa kampuni ya Sun, ile ilitoka 2005, kabla Oracle hawajanunua Sun 2010. Tuliipata kwa mnada, ofisi fulani ilikuwa inatoa vitu vya zamani. Bado tunaitumia juu kazi nyingi za miaka iliyopita ziko kwa StarOffice, programu ya Sun ya kuandika, na haijawahi kutuangusha. Mengi nitakayosema yanashika pia kwa Linux za zamani, zile za enzi za Red Hat Linux 9 au CentOS 5, juu chini kabisa zote zinatumia kitu kimoja, mfumo wa madirisha unaoitwa X.

Na hapo ndio utata unaanzia. X ilianzishwa pale MIT 1984, na toleo la 11 lenye tunatumia hadi leo lilitoka 1987. Wakati huo walipanga hivi: kuna seva ya X, hii ndio inachora skrini, na kuna programu, hizi zinaiomba seva iwachoree. Fonti zilikuwa mali ya seva. Programu haifungui faili ya fonti hata siku moja, inasema tu "niandikie haya maneno kwa fonti yenye jina hili" na seva inaenda kutafuta.

Fikiria ile duka ya mtaa yenye wavu mbele. Huwezi ingia ukajichukulia unga, unasimama nje unataja jina, mwenye duka anageuka anaangalia rafu zake anakupea kupitia ile dirisha ndogo. Hiyo ndio njia ya zamani ya fonti kwa X. Sasa mwanzo wa miaka ya 2000 Keith Packard, mmoja wa watu wa X wenyewe, akaleta njia ingine, Xft na fontconfig, yenye programu inajitafutia faili ya fonti yenyewe, inaifungua, inachora maumbo ya herufi yenyewe na kuipelekea seva picha iliyokamilika. Hiyo sasa ni supamaketi, unaingia unatembea kwa rafu unajichukulia. Shida ni kwamba hawakubomoa ile duka ya kwanza, juu programu nyingi zilikuwa zimezoea kununua huko. Kwa hivyo kwa mashine za umri huu zote mbili ziko wazi kwa wakati mmoja, rafu tofauti, daftari tofauti, na ukipeleka bidhaa kwa moja ile ingine haina habari.

Kwa Solaris 10 yangu dtterm na xterm, yale madirisha ya kuandika komandi, na programu zote za CDE, desktopu ya zamani ya Unix, zinanunua kwa duka ya wavu. Gedit, ya kuandikia maandishi, na zile za desktopu mpya ya GNOME zinaingia supamaketi. StarOffice na Java zina tabia zao, nitafika.

Tuanze na duka ya wavu juu ndio ngumu. Mwenye duka haangalii rafu moja kwa moja, anaangalia daftari. Kila folda ya fonti lazima iwe na faili inaitwa `fonts.dir`, mstari wa kwanza ni idadi, alafu kila mstari unaofuata ni jina la faili na jina refu la fonti. Kama fonti haiko kwa hiyo daftari, haiko, hata kama faili imekaa hapo hapo mbele ya macho yako. Daftari inaandikwa na komandi ya `mkfontdir`, na hapa ndio nilipotezea siku yangu ya kwanza. Nilikopi DejaVuSans.ttf kwa folda mpya, nikaendesha `mkfontdir`, haikulalamika chochote, nikafungua `fonts.dir` nikakuta kuna kitu kimoja tu ndani:

`0`

Sifuri. Hakuna kosa, hakuna onyo, sifuri peke yake. Sababu ni kwamba `mkfontdir` ilitengenezewa fonti za zamani za bitmapu, zile za vidoti, zenye jina refu limeandikwa ndani ya faili yenyewe. Fonti za kukuzwa kama TrueType na Type 1 hazina jina hilo ndani, kwa hivyo `mkfontdir` inategemea uwe umeshaandika faili ya kwanza inaitwa `fonts.scale`, alafu inanakili kilicho huko. Bila `fonts.scale` inaona ni kama folda ni tupu. Kwa hivyo unaanza na `mkfontscale`, hiyo ndio inafungua TTF, yaani faili za TrueType, na kusoma iko na nini, na ndipo unafuata na `mkfontdir`:

`cd /opt/fonti`
`mkfontscale`
`mkfontdir`

Kama Solaris yako haina `mkfontscale`, usihangaike, peleka hizo TTF kwa kompyuta yoyote ya Linux, iendeshe huko, alafu urudishe `fonts.scale`, ni faili ya maandishi tu. Ukimaliza, `fonts.dir` inakuwa na mistari kama hii:

`DejaVuSans.ttf -misc-dejavu sans-medium-r-normal--0-0-0-0-p-0-iso8859-4`

Hilo jina refu linatisha lakini ukilikata kwa vistari ni sehemu 14: aliyeitengeneza, jina la familia, uzito, kama imelala au imesimama, upana, na kuendelea. Zile sifuri zinamaanisha ukubwa wowote, kwa sababu inakuzwa. Mbili za mwisho ndio za kuangalia sana, hapo `iso8859-4`, hiyo ni enkodingi, yaani ni seti gani ya herufi. Fonti moja inaweza kuandikwa mara nyingi kwa daftari, kila mstari na enkodingi yake, na `mkfontscale` inaandika tu zile fonti inaweza kuzibeba.

Na hapo ndipo nilielewa kisanduku cha yule mama. Fonti zilizokuja na mashine nyingi zilikuwa `iso8859-1`, seti ya Ulaya Magharibi, ile inaitwa pia Latin-1. Hiyo iko na î na û zenye kofia, iko na ñ na õ na ã, lakini ĩ na ũ zenye kiwimbi hazimo. Zimo kwa `iso8859-4`, seti ya Ulaya ya Kaskazini, na zimo kwa Unikodi yote, ile seti kubwa ya herufi za lugha zote, ambayo kwa X inaitwa `iso10646-1`. Kwa hivyo kuongeza fonti mpya hakutoshi, lazima iwe fonti yenye hayo maumbo ndani na programu iwe inaiomba kwa enkodingi sahihi. Mtu wa Kisumu anaandika Dholuo anaweza asikutane na hii kabisa juu neno kama ng'ato ni herufi za kawaida na kialama kimoja, lakini hapa Nakuru, kwenda Bahati, kwenda Njoro, kila wiki kuna Wambũi na Kĩmani kwa meza yetu.

Daftari ikishakuwa sawa, bado lazima umwambie mwenye duka kuna rafu mpya:

`xset fp+ /opt/fonti`
`xset fp rehash`

Ya kwanza inaongeza folda kwa orodha, ya pili inamwambia asome madaftari upya. Kama ulikuwa umeongeza folda kitambo na sasa umeweka fonti ingine ndani, hiyo `rehash` ndio unahitaji, baada ya kuandika daftari upya. `xset q` inakuonyesha orodha ya folda zote, na `xlsfonts | grep -i dejavu` inakuambia kama seva inaijua sasa. Ikikuambia njia ya fonti ni mbaya, sababu karibu kila mara ni moja kati ya hizi: umekosea jina la folda, hakuna `fonts.dir`, au seva haina ruhusa ya kusoma. Hiyo ya ruhusa inasumbua sana watu wanaoweka fonti ndani ya home yao, yaani folda yao binafsi. Seva ya X inaweza kuwa inaendeshwa kama mtu mwingine kwa macho ya mashine, si wewe, na kama home yako imefungwa au iko kwa mashine ingine kupitia mtandao, seva inaweza kushindwa kuingia. Ndio maana mimi niliweka `/opt/fonti`, folda 755, faili 644, kila mtu anasoma.

Kitu kingine, `xset` inasahau. Ukitoka na kuingia tena, rafu yako haipo. Ile mistari miwili ya `xset` lazima uiweke kwa faili inayoendeshwa ukiingia, kwa CDE ni `~/.dt/sessions/sessionetc` na uipee ruhusa ya kuendeshwa, ukianzisha X mwenyewe na `startx` ni `~/.xinitrc`. Solaris iko pia na programu ya madirisha ya kuongeza fonti, `sdtfontadm`, na kama hupendi terminali itakusaidia, lakini mimi napenda kuona daftari na macho yangu.

Supamaketi ni rahisi, nitapita haraka. Fontconfig inaangalia folda zilizotajwa kwa `/etc/fonts/fonts.conf` na pia folda inaitwa `.fonts` ndani ya home yako, na inafungua faili za fonti yenyewe, haihitaji daftari yoyote umeandika. Unaweka fonti, unaendesha `fc-cache -fv`, unaangalia na `fc-list | grep -i dejavu`, basi. Watu wengi wanaweka kopi moja huku na kopi ingine kule, na mimi sikubaliani na hiyo kabisa, juu miezi sita baadaye utaweka toleo jipya kwa moja na kusahau ingine na utashangaa kwa nini skrini na printi hazifanani. Weka rafu moja na milango miwili:

`ln -s /opt/fonti ~/.fonts`

Sasa seva inasoma `/opt/fonti` kupitia `xset`, na fontconfig inasoma folda ile ile kupitia home yako.

StarOffice ni mji wake. Ile ya umri huu iko na programu ndogo ya printa inaitwa `spadmin`, ndani kuna mahali pa kuongeza fonti, na inachofanya ni kukopi TTF kwa folda yake ya `share/fonts/truetype`. Ukiweka mwenyewe kwa mkono ni sawa pia, mradi ufunge StarOffice yote, hata kile kipande kinabaki kimejificha kikingoja kufungua haraka, alafu ufungue upya. Java nayo inasoma folda ya `jre/lib/fonts` ndani ya mahali imewekwa. Kwa hizo mbili natumia viungo vya `ln -s` faili kwa faili kutoka `/opt/fonti`, ili kopi ya kweli ibaki moja.

Kabla hujaanza kubadilisha vitu ovyo, angalia vizuri kile kitu skrini inakuonyesha, juu makosa yanafanana lakini si ndugu. Kama pahali pa ũ kuna kisanduku kitupu, maandishi ni mazima, fonti ndio haina umbo hilo. Hiyo ndio ya kuweka fonti mpya. Lakini kama unaona `MÅ©thoni`, na badala ya ĩ unaona `Ä©`, hapo fonti haina makosa hata kidogo na unaweza kuweka fonti 100 bila kubadilisha kitu. ũ kwa UTF-8, njia ya kuhifadhi Unikodi kwa baiti, ni baiti mbili, c5 na a9, na programu inayofikiria ni Latin-1 inasoma kila baiti kama herufi yake, Å na ©. Dawa ya hiyo ni lokeli, ule mpangilio wa lugha na herufi unaochagua ukiingia kwa mashine, ingia ukichagua `en_US.UTF-8`. Na kama unaona alama ya kuuliza, `M?thoni`, mara nyingi hiyo ni mbaya zaidi, mahali fulani njiani programu ilishindwa kuhifadhi ile herufi ikaandika alama ya kuuliza kabisa, na herufi yenyewe imeenda. Rudi kwa karatasi ya mkono uandike upya. Alafu kuna ile ya `Mûthoni` yenye kofia, hiyo si kompyuta, ni mtu alikosa kiwimbi akatumia kilichokuwa karibu. Kazi nyingi za zamani zinakuja hivyo na mimi nauliza mwenyewe kabla sijabadilisha, juu jina ni lake.

Kuandika yenyewe kwa kibodi ya Sun ni raha, iko na kitufe cha Compose, unabonyeza hicho, alafu ~, alafu u, unapata ũ, mradi lokeli iwe ya UTF-8. Ila maandishi yakitoka kwa simu au kwa kompyuta ingine, wakati mwingine ũ inakuja kama vitu viwili, u ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi cha kuelea, na programu za zamani hazijui kukipandisha mahali pake, kinakaa kando au kinaangukia herufi ya pili. Ukiona kiwimbi kimehama, futa herufi hiyo uiandike upya kama kitu kimoja.

Fonti gani uchukue, hapo niko na msimamo. DejaVu inatosha kazi nyingi, ilijengwa juu ya Bitstream Vera ya 2003 ikaongezwa herufi nyingi sana. Kwa vitabu na wasifu napenda Gentium na Charis za SIL, shirika la mambo ya lugha, zinasomeka vizuri hata kwa printa ya kawaida, na leseni yake inaruhusu kukopi na kuchapa bila kuomba mtu. Usichukue Arial na Times New Roman kutoka kwa laptopu ya mtu ukaweka tu, hizo si za bure kusambaza. Ukitaka kurasa zisihame wakati mteja amekuja na kazi ya Arial, tumia Liberation ya Red Hat, ilitengenezwa 2007 na upana wa herufi zake ni sawasawa na zile.

Na chukua `.ttf`. Faili za `.otf` nyingi zina maumbo ya aina ya PostScript ndani, ile lugha ya kuchora kurasa, na OpenOffice, ndugu ya StarOffice, haikuanza kuzielewa mpaka toleo la 3.2 la 2010, kwa hivyo StarOffice ya zamani itazipita tu. Siku hizi pia fonti nyingi unazodaunlodi ni zile faili moja yenye uzito wote ndani, nyembamba hadi nene, mtindo ulioingia kwa OpenType 2016. Mashine ya 2005 haiwezi kujua hiyo ni nini, ukibahatika itaonyesha uzito mmoja, nene hutapata. Ndani ya zip mara nyingi kuna folda inaitwa `static`, chukua kutoka huko. Na `.woff` na `.woff2` ni za tovuti, ziache.

Kitu kimoja zaidi kuhusu kuleta faili kwa mashine. Mimi nilituma fonti kwa FTP, njia ya zamani ya kutuma faili kwa mtandao, kutoka kwa kompyuta ya Windows, ile ya komandi, na hiyo inaanza ikiwa kwa hali ya maandishi, si ya baiti. Inapopita inabadilisha mwisho wa mistari, na ndani ya fonti hakuna mistari, kuna baiti ambazo kwa bahati zinafanana na mwisho wa mstari. Faili ikafika ikiwa ndogo kidogo kuliko ilivyotoka, baiti chache tu, ukubwa kwa `ls` unakaribiana, na `mkfontscale` ikaikataa kimya. Andika `binary` kabla ya `put`, na ukilinganisha ukubwa linganisha kila tarakimu, usiangalie tu kilobaiti.

Mwisho ni printa, na usidhani skrini ikiwa sawa karatasi itakuwa sawa. Printa ya PostScript iko na fonti zake ndani, na ikiambiwa jina isilolijua inaweka ingine. Kwa hivyo natoa PDF kwanza, napeleka kwa `pdffonts`, naangalia ile safu ya kuonyesha kama fonti imefungwa ndani ya faili, lazima iseme `yes` kwa kila mstari, ndio nachapa.

Tuko na faili moja kwa hiyo mashine inaitwa jaribu.txt. Ndani kuna Mũthoni, Wanjirũ, Gĩthĩnji, Wambũi, Ng'ang'a na ng'ato, kwa herufi ndogo na kubwa, kawaida na nene. Ng'ang'a iko hapo juu StarOffice inapenda kugeuza ile alama iliyosimama kuwa ile iliyopinda, na fonti ya Latin-1 haina iliyopinda. Kila fonti mpya ikiingia naifungua kwa dtterm, kwa gedit, kwa StarOffice, alafu nachapa karatasi moja na nasoma kila jina na kidole.